Saa inayopima sukari bila kuchoma kidole: kipi kinapimwa, kipi kinakisiwa

Mama yangu mdogo anaishi na kisukari, huu ni mwaka wa tisa. Mwaka jana mwanawe alimnunulia saa ya mkononi kwa muuzaji wa mtandaoni, moja ya zile zinazotangazwa kila siku kwenye Instagram na magrupu ya WhatsApp: inapima presha, sukari, oksijeni na joto la mwili, huna haja tena ya kuchoma kidole. Mama mdogo alifurahi mno. Miaka tisa ya kujichoma vidole si mchezo, na vijiti vya kupimia vina bei yake. Kwa wiki sita akawa anaamka, anatazama saa, anaona 5.6 au 5.9, namba za sukari iliyotulia, anakunywa chai yake kwa amani. Siku ya kliniki nesi akamchoma kidole: 16.3. Saa ilikuwa bado mkononi, nayo inasoma 5.7.

Tangu siku ile ndugu na majirani wananiuliza swali lilelile: kwa hiyo saa hizi zote ni za uongo? Hapana. Kuna vitu zinavyovipima kwelikweli, kuna vitu zinavyovikisia, na kuna vitu ambavyo baadhi yake zinavibuni tu. Tatizo ni kwamba vyote vitatu vinatokea kwenye kioo kimoja, kwa tarakimu za ukubwa uleule na rangi ileile. Mvaaji hana alama yoyote ya kumwonyesha hii ni ipi.

Tuanze na maneno. Kihisi ni kijidude kinachotambua badiliko moja tu: mwanga, joto, mtikisiko, umeme. Zaidi ya hapo hakijui kitu. Kifaa kilichounganishwa ni kitu chochote chenye kihisi na njia ya kutuma habari zake kwingine, ama kwa Bluetooth hadi kwenye simu yako, ama kwa laini ya simu iliyo ndani yake. Vifaa vya namna hii vikiwa vingi, watu wa teknolojia huviita intaneti ya vitu. Zile tarakimu zinazotumwa ndizo data. Na uchanganuzi wa data ni kazi ya kuzikusanya, kuzilinganisha na kutoa humo jambo lenye maana.

Kazi hiyo si ngeni kwetu. Mwenye duka la mtaani anaandika madeni kwenye daftari: nyumba ya mama fulani, mkate mmoja, sukari nusu. Siku nne mfululizo mkate unakuwa miwili. Hakuna aliyemwambia kitu, lakini anasema, "Pale wamepata mgeni." Daftari ni data. Kugundua kwamba mkate umeongezeka ni uchanganuzi. Kusema kuna mgeni ni makisio, na makisio hayo yanaweza kuwa na akili sana na bado yasiwe kweli, kwa sababu huenda shule zimefungwa na watoto wanashinda nyumbani. Ukiishika tofauti hii kati ya kilichoandikwa, kilichobadilika na kilichokisiwa, nusu ya mkanganyiko kuhusu vifaa hivi umekwisha.

Sasa igeuze saa utazame mgongoni mwake. Taa za kijani zile si mionzi kama ya eksirei, kama wengine wanavyohofia. Ni mwanga wa kawaida. Damu hunyonya mwanga wa kijani. Moyo unapopiga, damu inajaa kidogo kwenye mishipa midogo ya mkono na kijani kinachorudi kinapungua. Kati ya pigo na pigo kinaongezeka. Jicho dogo lililo kando ya taa linafuatilia kupungua na kuongezeka huko mara nyingi kwa sekunde. Hicho ndicho saa inachokipima, mwanga uliorudi, na hakuna kingine kinachotoka moja kwa moja kwenye damu yako.

Kutoka hapo hadi "mapigo 72 kwa dakika" ni hatua moja ya kuhesabu. Ndiyo maana kwenye mapigo, hasa ukiwa umetulia, saa nzuri hazikosei sana. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu saa na bangili saba kwa watu 60 wakitembea, wakikimbia na kuendesha baiskeli. Sita kati ya saba zilikosea mapigo ya moyo kwa chini ya asilimia 5. Lakini zilipoulizwa kalori ngapi zimeunguzwa, iliyofanya vizuri kuliko zote ilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na ya mwisho kwa asilimia 93. Mkono uleule, kihisi kilekile.

Inakuwaje? Kalori ziko mbali na mwanga. Saa inachukua mapigo, inaongeza mtikisiko wa mkono, inaongeza umri na uzito ulioandika siku ya kwanza, kisha inapitisha vyote kwenye kanuni iliyotengenezwa kwa kuangalia watu wengine. Kila hatua inaleta dhana yake. Usingizi nao ni vivyo hivyo. Hospitalini usingizi unapimwa kwa kusoma umeme wa ubongo. Saa inaona tu kwamba mkono umetulia na mapigo yamepungua. Mtu aliyelala macho usiku kucha akiwaza ada ya shule, bila kujigeuza, anaweza kuamka akapongezwa kwa saa saba za usingizi.

Na zile hatua 10,000 ambazo saa inakudai kila siku? Hazikutoka kwa daktari. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Jina la bidhaa likageuka kuwa agizo la afya dunia nzima. Kutembea ni kuzuri, na mzee anayefikisha 5,000 hana sababu ya kujiona ameshindwa.

Turudi kwenye sukari, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, haina rangi ambayo taa ile ya kijani inaweza kuitofautisha na vitu vingine vilivyomo kwenye damu. Makampuni yenye fedha na wataalamu wengi yamehangaika na jambo hili kwa miaka. Google ilitangaza mwaka 2014 lenzi ya jicho ya kupima sukari kwenye machozi. Mwaka 2018 mradi huo ulisimamishwa, kwa sababu sukari ya machozi haikuifuata ya damu kwa uhakika unaotosha. Februari 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo la wazi kwa umma: hakuna saa wala pete yoyote iliyoidhinishwa kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi, na anayeitegemea anaweza kukosea dawa au insulini kwa kiwango cha kumuua.

Basi 5.7 ya mama mdogo ilitoka wapi? Ilitoka kwenye programu, haikutoka kwenye damu. Mtoto wa kaka yangu aliifunga ile saa kwenye ndizi mbichi mbele yetu sote, pale mezani. Ikawaka taa, ikafikiri kidogo, ikatoa presha ya ndizi: 118 kwa 76. Mama mdogo aliitazama ile ndizi kwa muda mrefu bila kusema neno.

Kuna kifaa cha kweli kinachofuatilia sukari mchana na usiku, na watu wengi wanakichanganya na saa hizi. Ni kibandiko kinachokaa begani au tumboni, chenye uzi mwembamba unaopenya chini ya ngozi. Hata hicho hakisomi damu. Kinasoma majimaji yaliyo kati ya seli, ndiyo maana usomaji wake huwa nyuma ya damu kwa dakika chache. Lakini vipo vinavyotoa usomaji kila dakika 5, yaani mara 288 kwa siku, na kwenye wingi huo uchanganuzi wa data unapata kazi yake halisi. Kipimo cha kidole ni picha ya mnato na kibandiko ni video. Sukari ya 6.0 inayopanda polepole baada ya chakula haina neno, 6.0 inayoporomoka kwa kasi saa nane ya usiku ni hatari. Picha ya mnato haikuonyeshi tofauti hiyo, ila programu inayoangalia mwelekeo inaweza kumwamsha mgonjwa kabla hajazidiwa. Na kuna saa zinazopokea usomaji wa kibandiko hicho na kuuonyesha. Hiyo ni halali kabisa, maana hapo saa ni kioo tu. Kinachopima kiko begani.

Presha iko katikati. Kipimo cha kuaminika bado ni mkanda unaobana mkono na kuachia. Samsung wana saa inayokadiria presha kwa mwanga, lakini mvaaji anatakiwa kuilinganisha na mkanda kila baada ya siku 28, vinginevyo makadirio yanapotea njia. Apple, walipopata kibali cha FDA Septemba 2025, walichagua njia ambayo mimi naiheshimu zaidi: saa yao haitoi namba ya presha kabisa. Inaangalia mwenendo wa siku 30, kisha ikiona dalili inamwambia mvaaji aende akapime kwa mkanda. Kifaa kimejua mwisho wa uwezo wake na kimekiri.

Hapo ndipo ilipo nguvu ya data hizi, kwenye mwenendo. Usomaji mmoja ni dhaifu. Usomaji elfu moja wa mtu mmoja unaanza kumjua mtu huyo. Mapigo ya mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100, kwa hiyo 78 haimshtui daktari yeyote. Lakini kama wewe kwa miezi minane umekuwa 61, 62, 61, na ghafla siku tatu umekuwa 78, kuna kitu. Mwaka 2020 watafiti wa Stanford walichapisha matokeo ya watu 32 waliougua UVIKO-19 wakiwa wamevaa saa: kati yao 26 walikuwa na mabadiliko kwenye mapigo, hatua au usingizi, na baadhi mabadiliko yalitangulia homa na kikohozi. Ni yule mwenye duka na mkate wa pili. Na kama yeye, saa inajua tu kwamba kuna badiliko. Inaweza kuwa ugonjwa, inaweza kuwa msiba, safari ya usiku, au mfungo.

Sasa naomba tuifanye hesabu moja taratibu, kwa sababu bila hesabu hii tahadhari za saa haziwezi kueleweka. Tuseme mji una watu 10,000 na kati yao 100 wana tatizo la mapigo yasiyo na mpangilio. Wote wanapewa saa. Saa ni nzuri: inawagundua 95 kati ya wale 100, na kwa wazima inakosea kwa asilimia 2 tu. Wazima ni 9,900, na asilimia 2 yao ni 198. Jumla ya waliopata tahadhari ni 293, na wagonjwa kati yao ni 95. Chini ya theluthi. Hakuna aliyedanganya na saa haikuharibika. Ugonjwa ukiwa wa nadra, hata kosa dogo kwa wazima linazalisha umati. Ndiyo maana kijana wa miaka 24 akipata tahadhari hiyo uwezekano wa kuwa mzima ni mkubwa, na mzee wa miaka 70 mwenye presha akiipata asichelewe.

Hili limejaribiwa kwa watu halisi. Stanford na Apple waliwafuatilia zaidi ya watu 419,000 nchini Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 2019. Waliopata tahadhari walikuwa 2,161, kama asilimia 0.5. Baadhi yao walitumiwa kibandiko cha ECG, kinachosoma umeme wa moyo, cha kuvaa kifuani, na kati ya 450 waliokirudisha kikiwa kinasomeka, asilimia 34 walikutwa na tatizo. Magazeti mengine yaliandika kwamba saa ilikosea kwa waliobaki. Si hivyo. Tatizo hilo huja na kwenda, na kibandiko kilivaliwa siku kadhaa baada ya tahadhari. Walipoangalia nyakati ambazo mtu alikuwa amevaa saa na kibandiko kwa pamoja, tahadhari ya saa ilithibitishwa kwa asilimia 84. Asilimia 34 na asilimia 84 zote ni za kweli, kila moja inajibu swali lake. Mtu akikutajia asilimia kuhusu kifaa cha afya, muulize kwanza: asilimia ya nani, na lini?

Jambo jingine linatuhusu sisi zaidi kuliko wengine. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni, ambacho wakati wa UVIKO-19 kiliingia hadi majumbani, msingi wake ulibuniwa Japani na Takuo Aoyagi miaka ya 1970. Kinatumia mwanga mwekundu na mwanga usioonekana kwa macho, na mwanga huo lazima upite kwenye ngozi. Desemba 2020 madaktari wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha usomaji wake na damu iliyochukuliwa kwenye mshipa. Kwa wagonjwa ambao kifaa kilisema oksijeni yao iko kati ya 92 na 96, waliokutwa chini ya 88 kwa kipimo cha damu walikuwa asilimia 3.6 kwa wazungu na asilimia 11.7 kwa weusi. Karibu mara tatu. Watu walikuwa wanapungukiwa hewa na kifaa kinasema wako salama.

Kanuni inajifunza kutoka kwa waliopimwa wakati wa kuitengeneza. Wakiwa wengi wana ngozi nyeupe, itaijua ngozi nyeupe. Januari 2025 FDA ilitoa rasimu ya mwongozo inayotaka vifaa hivi vijaribiwe kwa watu wengi zaidi wa rangi mbalimbali. Kwa nchi zetu, ambako karibu kila mgonjwa anayebanwa kidole ni mweusi, naona ni jambo la kudai kwa sauti kila tunaponunua vifaa: kilijaribiwa kwa nani? Mpaka hapo, mgonjwa anayehema kwa shida apelekwe hospitali hata kama kidole kinasema 95.

Mfano ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, hauko mkononi mwa mtu. Uko Kyuso, kaunti ya Kitui, Kenya. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifunga kihisi cha mtikisiko ndani ya mpini wa pampu za visima vya kijiji. Kihisi kinahesabu mpini unavyopanda na kushuka, kisha kinatuma ujumbe mfupi kwa laini ya simu. Pampu ambayo kila asubuhi inapigwa mamia ya mara ikikaa kimya, fundi anajua imekufa kabla hajapigiwa. Zamani ikiharibika ilikaa karibu wiki nne bila matengenezo. Kwenye jaribio hilo muda ukashuka hadi chini ya siku tatu. Wiki nne kwa mwanamke wa Kitui ni wiki nne za kutembea mbali zaidi, au kuchota maji ya mtoni na kuyapeleka kwenye vinywa vya watoto. Baadaye, kwenye pampu za Kwale, pwani ya Kenya, waligundua kwamba mtetemo wa mpini unabeba hata dalili za kina cha maji chini ya ardhi. Kihisi kimoja, tena cha bei ndogo. Ubora wake umetoka kwenye swali: hawakukiuliza kihisi kitu ambacho hakiwezi kukijua.

Linabaki suala la nani mwingine anaona. Saa inapeleka data kwenye simu, simu inapeleka kwenye seva za kampuni, mara nyingi nchi nyingine. Novemba 2017 kampuni ya Strava, yenye programu ya kurekodi mazoezi, ilichapisha ramani ya dunia iliyowaka mahali ambapo watumiaji wake hukimbia. Haikuwa na jina la mtu hata mmoja. Miezi miwili baadaye mwanafunzi mmoja wa Australia akaonyesha kwamba katikati ya jangwa la Syria na Afghanistan kuna vinjia vinavyong'aa: askari wa kigeni wakifanya mazoezi kuzunguka kambi zao. Kuondoa majina hakukutosha kuwaficha. Na mwaka 2018 iliripotiwa Marekani kwamba Kinsa, watengenezaji wa kipimajoto kinachounganishwa na simu, waliiuzia kampuni ya Clorox taarifa za maeneo yenye homa nyingi, nayo Clorox ikaelekeza huko matangazo ya bidhaa zake za kuua vijidudu. Mzazi alikuwa anampima tu mtoto.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinazipa taarifa za afya ulinzi wa juu kuliko taarifa za kawaida. Una haki ya kuuliza kampuni ina nini kukuhusu na inakitumia kwa kazi gani, na kwa Tanzania ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Tulijaribu kumuuliza yule muuzaji data za mama mdogo ziko kwenye seva ya nani. Akasoma ujumbe, kisha akatuzuia.

Mama mdogo amerudi kwenye kuchoma kidole, asubuhi na jioni, na anaandika kwenye daftari la kliniki. Saa bado anaivaa, anaitumia kuhesabu hatua za kwenda na kurudi sokoni. Mwanawe aliingia kwenye programu akaiondoa sehemu ya sukari; pale palipokuwa pakisoma 5.7 sasa panasoma tarehe.